Shosho Keziah Alipokataa Kuungama

Juzi nilifungua gunia la mahindi jikoni kwangu, hapa Nakuru, nikapigwa na harufu ya ukavu, kama ya ukuta uliopakwa chokaa jana. Muuzaji alikuwa ameyachanganya na unga mweupe wa kuzuia wadudu. Nilisimama pale na kikombe mkononi, nisichote. Ghafla nilikuwa nimerudi kijijini kwetu Kariandusi, mtoto wa miaka tisa, nikichungulia kati ya mbao za ghala la jirani.

Jirani huyo alikuwa Shosho Keziah, bibi mjane aliyeishi peke yake. Kanisa letu lilikuwa dogo, la mbao na mabati, na sheria zake zilikuwa nyingi kuliko viti vyake: hakuna hereni, hakuna redio, hakuna kucheka Jumapili. Shosho Keziah alizishika zote isipokuwa hiyo ya kucheka.

Mwaka ule wadudu walikula mahindi ya kijiji kizima. Ukitia mkono ghalani, unautoa na vumbi. Yake tu ndiyo yaliyobaki mazima. Basi mimi, kwa udaku wa kitoto, nilimchungulia nikamwona akinyunyiza kitu cheupe huku midomo ikicheza. Nilikimbia kumwambia mama. Mama akamwambia mwenzake kwenye mfereji wa maji. Kufikia Jumapili habari yangu ilikuwa imetiwa chumvi hadi mimi mwenyewe siitambui: eti ni uchawi wa majivu ya mifupa, eti yeye ndiye aliyetutumia wadudu.

Baada ya ibada, Mzee Danieli, kiongozi wetu, alimwita mbele.

"Dada Keziah, ungama tu. Tutakuombea, yaishe leo."

"Niungame nini?"

"Hiyo dawa unanyunyiza."

"Ni udongo mweupe wa pale machimboni, unakausha wadudu. Marehemu mzee wangu alifanya kazi huko, ndiye alinifundisha. Kujeni niwagawie."

Mtu mmoja nyuma alisema udongo hauwezi kuua mdudu, na hakuna aliyetaka kuugusa. Mzee Danieli akamwuliza tena kwa upole, kisha mara ya tatu. Neno moja tu, na wangemwimbia na kumkumbatia kama kondoo aliyepatikana.

"Siwezi danganya Mungu ndani ya nyumba yake," alisema, "ndio nyinyi mfurahi."

Wakamtenga. Asisalimiwe, asiombwe moto, asikae nasi. Kila Jumapili alikuja na kigoda chake, akaketi nje chini ya dirisha, akaimba sauti ya pili. Aliimba kutushinda sote, nasi tukajifanya hatumsikii. Hapo ndipo nilipotambua midomo yake ilikuwa ikicheza nini kule ghalani: ni nyimbo zizo hizo. Nilitambua, nikanyamaza.

Mvua ilipokaribia, hakuna aliyekuwa na mbegu. Watu wakaanza kumwendea magharibi ikiingia, wakipenya nyuma ya ua wake. Wote aliwajibu sawa: "Mbegu iko. Kuja kesho mchana, upitie kwa geti."

Siku tatu hakuna aliyethubutu. Siku ya nne mama alifunga kitambaa chake cha kanisani, akanishika mkono, tukapita katikati ya kijiji saa sita mchana, watu wakitukodolea macho. Tulipofika getini nilishindwa kuvumilia.

"Shosho, ni mimi nilisema."

"Najua, Wambui. Ulisema chenye uliona. Hiyo ingine waliongeza watu wazima."

Mama aliinamisha kichwa. Shosho alimjazia kikapu pomoni. Kisha akanimiminia ule udongo kiganjani, laini kama poda ya mtoto, nijionee.

Kesho yake walikuja wengine. Mzee Danieli alikuja mwisho, kofia mkononi, akapimiwa sawa na wenzake. Hakuna aliyetangaza kosa lolote. Ila Jumapili iliyofuata Mzee Danieli alitoka nje mwenyewe, akakiinua kile kigoda, akakiingiza ndani na kukiweka mstari wa mbele kabisa. Shosho alikivuta nyuma hadi walipokaa wanawake wenzake, akaketi, na nadhani alicheka.

Siku moja nikimsaidia kupukuchua mahindi nilimwuliza kwa nini hakukubali tu, wakamwombea, yakaisha.

"Wangeniuliza nani alinisaidia," alijibu, na mikono yake haikusimama.

Nilidhani hajaelewa swali. Nani angemsaidia, na hakufanya lolote? Nilikuwa mtu mzima, nimeshamzika mama, nilipoelewa kwamba anayeungama uchawi haachwi aende na jina moja. Hudaiwa la pili, la aliyeshirikiana naye. Na kijiji kizima kilijua ni mwanamke gani aliyembebea Shosho Keziah mahindi yake hadi ghalani kila mavuno. Alikuwa mama yangu, yule yule aliyeipeleka habari yangu mferejini.