Uso wa Mtihani

Mtu akinitajia tena neno cheti, nitapiga kelele mpaka majirani waje na ndoo za maji. Nalisema mapema ili anayesoma ajue nimekaa upande gani. Mimi ni karani wa shule. Vyeti ndivyo ninavyovichapa mwaka nenda mwaka rudi, na najua karatasi ngumu yenye muhuri wa kung'aa inavyoweza kumpumbaza mtu mzima mwenye akili zake timamu. Mtu mzima ninayemsema ni wifi yangu, mke wa kaka yangu, ambaye wateja wake wote humwita Kitana.

Kitana amesuka, ameosha na kulainisha nywele za watu kwa miaka ishirini na mmoja, katika chumba cha mbele cha nyumba tunayoishi sisi watatu. Kisha mikono ikamkataa. Ilianza kwa muwasho katikati ya vidole; yeye akapaka mafuta, akaendelea. Ikapasuka, akafunga bandeji, akaendelea. Mwishowe ngozi ikawa inabanduka kama rangi kwenye ukuta wenye unyevu, akawa hawezi tena kukunja ngumi wala kushika kikombe cha chai. Daktari wa ngozi hakumung'unya maneno. "Mama, chagua. Dawa za nywele au mikono."

Akachagua mikono, na hapo sikuwa na neno. Lakini mtu aliyezoea kusimama nyuma ya vichwa vya watu tangu usichana wake hawezi kukaa tu akihesabu nzi. Wiki ya kwanza alipanga upya makabati yote ya jikoni. Wiki ya pili akayapanga tena, na mimi chumvi sikuiona kwa siku nne. Wiki ya tatu akaja na jambo lake: atachora nyusi za kudumu. Ndiyo ile kazi ya kuingiza rangi kwenye ngozi kwa sindano ndogo, nyusi zikakaa mwaka au miwili, uoge usioge.

"Wifi, hii ni kazi ya glavu," aliniambia. "Ya kukaa kitako. Haina dawa kali. Hii ni yangu kabisa."

Na kweli ilikuwa yake. Kitana ana jicho. Ukiingia mlangoni anajua ulilalia upande gani. Kilichobaki ni kujifunza, na hapo ndipo nilipoanza kuota mvi.

Kwanza akanaswa na kozi ya siku mbili. Ukumbi wa kukodi, viti vya plastiki, watu thelathini na mwalimu mmoja mwenye kipaza sauti. Vyeti viligawiwa siku ya kwanza wakati wa chai, kwa sababu mwalimu alikuwa na safari siku ya pili mchana. Narudia: waliidhinishwa kabla hawajafundishwa. Mazoezi yalikuwa juu ya kipande cha mpira laini, ukubwa wa daftari, kimelazwa mezani na kuchorwa nyuso nne. Wifi yangu akarudi nyumbani amevimba kichwa, na karatasi yake imeandikwa "Bingwa".

"Bingwa wa nini?" nikamuuliza. "Umechora raba."

"Mwalimu kasema nina mkono mwepesi."

"Alimwambia kila mtu."

Akakunja karatasi yake vizuri.

"Alimwambia kila mtu, siyo?"

"Alituambia wote kwa pamoja," akasema. "Lakini mimi alikuwa ananitazama."

Nimtendee haki: sindano hakuigusa. Alianza kwa hina, ambayo hutoka baada ya wiki mbili hivi, na aliyejitolea alikuwa jirani yetu fundi cherehani, mama mpole asiyejua kusema hapana. Kitana akamlaza kwenye kochi letu, akapima kwa rula, akapaka, akafuta pembeni kwa pamba. Nilichungulia. Zilikuwa nyusi nzuri, sawa kwa sawa. Kisha fundi akakaa.

Uso una tabia ambayo mwalimu wa kipaza sauti hakuitaja. Ukilala chali, nyama zake huteleza kuelekea masikioni, na kila mtu huteleza kivyake. Ukikaa, kila kitu hurudi kwake. Mpira uliolazwa mezani hauna pa kurudi, kwa hiyo wanafunzi wote thelathini walitoka pale bila kulijua hilo. Fundi alipokaa, unyusi mmoja ulikuwa unashangaa na wa pili unasinzia. Hakugomba. Alivaa kofia ya sufu mpaka machoni, katika jua lile, na kila asubuhi alikuja kusimama mlangoni kwetu, akaiinua kidogo ili tuone zimebaki kiasi gani, akaondoka. Afadhali angetutukana.

"Hiyo ingekuwa sindano," nikamwambia Kitana, "kofia ile angeivaa miaka miwili."

Alilia siku hiyo. Sikumbembeleza vya kutosha, na najua.

Baada ya hapo akahamia kwenye simu. Masomo sitini na manne ya video, mwalimu mwenye kucha ndefu na muziki nyuma yake. Mpaka somo la tisa mambo yalikuwa mazuri. Kuanzia la kumi kila somo lilikuwa linakueleza uzuri wa somo linalofuata. Kitana akanifanya katibu wake, eti mimi ndiye ninayejua kuandika barua. Tukauliza swali moja la maana: kwenye ngozi nyeusi kama yetu, rangi hii ikishapona itabaki kahawia au itageuka kijivu? Tukajibiwa kwa picha ya kopa jekundu. Tukauliza tena. Makopa mawili. Mara ya tatu niliandika kwa herufi kubwa, na mwalimu akatufungia.

Kaka yangu, kila akiulizwa, jibu lake lilikuwa moja: "Jaribu tu, mke wangu." Angemwambia anakwenda kufuga mamba angesema jaribu tu.

Basi akajaribu njia ya zamani, ya kukaa chini ya mkubwa wa kazi. Mwenye saluni mmoja, aliyeitwa Madamu na watu wote hata mumewe, alimkubali awe mwanafunzi wake. Miezi mitano. Kitana alikunja taulo. Alifuta vioo. Alishika taa juu ya uso wa mteja mpaka bega likafa ganzi. Na kila ilipofika zamu ya kuchanganya rangi, Madamu alibeba vichupa vyake, akaingia nyuma ya pazia, akachanganyia huko, akatoka na kikombe kilichokwisha kuwa tayari.

"Najifunza kwa kuangalia," Kitana alinijibu nilipowaka.

"Unaangalia pazia! Miezi mitano, wifi! Wewe si mwanafunzi, wewe ni kurunzi."

Ndipo akatokea nesi. Alikuwa nesi mstaafu, mfupi, mwenye saa iliyobandikwa kifuani, na alifundisha kazi hii kwenye chuo cha ufundi, darasa lililo kati ya waunganisha vyuma na waokaji. Miezi tisa. Siku ya kuandikishwa nilikwenda naye, maana nilikuwa nimeapa hasaini tena kitu mimi sijakisoma. Nesi akawaambia waliokuja: "Miezi mitatu ya kwanza hamgusi sindano. Mtajifunza kunawa, damu, ngozi na magonjwa yake. Anayetaka sindano leo, mlango ni ule." Watu saba walitoka. Mimi nilitamani kumkumbatia.

Kitana alinuna njia nzima. "Nimekwenda kutafuta nyusi, nimeandikishwa kunawa mikono."

Lakini alibadilika. Mpira wa mazoezi sasa aliuvingirisha kwenye bakuli lililosimamishwa wima, ufanane na kichwa cha mtu aliyekaa. Alijifunza kupima kwa uzi uliochovywa wino, kutoka pua hadi kona ya jicho, mteja ameketi, miguu sakafuni. Alitupima tukinywa chai. Kaka yangu alikwenda kazini mara mbili ana mistari usoni. Alichanganya rangi mbele ya macho ya watu wote na akajua kwa nini kahawia hugeuka kijivu. Mimi niliyaona hayo yote, na bado, nikimtazama, nilikuwa naiona ile kofia ya sufu.

Kwa hiyo fomu ya mtihani ilipokuja, tuligombana. Chuo kile kina utaratibu wake: kila mwanafunzi huleta uso wake mwenyewe, wa mtu hai, anayekubali kuchorwa nyusi za kweli mbele ya mwalimu. Asiye na uso hafanyi mtihani, na asiyefanya mtihani hana ruhusa ya kufungua kazi. Kitana aliiweka fomu mezani mbele yangu.

"Hapana," nikasema.

"Sijakuomba bado."

"Nimejibu kabla. Hapana."

Niliogopa, na sikumwamini. Ndio ukweli wenyewe. Akatafuta mteja wake wa zamani wa nywele, mama mmoja mcheshi, na huyo akakubali mara moja, jambo lililoniudhi zaidi.

Asubuhi ya mtihani simu ikaita ofisini. Mteja mcheshi alikuwa ameulizwa maswali ya nesi, na amekiri kwamba juzi na jana alimeza vidonge vya kichwa, vile vinavyofanya damu iwe nyepesi. Nesi akamrudisha nyumbani. Mtu anayetokwa damu, rangi haishiki.

"Wifi," Kitana alisema, sauti yake ndogo sana. "Njoo."

Nilikwenda. Nilikwenda nagomba peke yangu barabarani, nikamgombeza mlinzi wa getini, nikaketi kwenye kile kiti kama mtu aliyekuja kudai. Chumbani kulikuwa na wanafunzi sita, nyuso sita, taa sita, na mlio wa mashine kila upande. Nesi aliniuliza maswali yake, nikayajibu yote kwa neno moja moja.

Kitana akanipima kwa uzi. Akasita. Akapima tena. Akachora mstari kwa penseli, akarudi nyuma, akaufuta.

"Wifi, tuliza uso."

"Umetulia."

"Haujatulia. Una hasira."

"SINA HASIRA!"

Mashine zote zikanyamaza. Mtu kwenye kiti cha mwisho akacheka, kisha wakacheka wote. Unyusi wangu wa kushoto hupanda nikiudhika, ukoo mzima wanajua. Mama yangu alikuwa akiutazama huo kwanza kabla ya kuniomba kitu. Mwaka na nusu nilikuwa nimeudhika. Sidhani kama ulikuwa umeshuka hata mara moja.

Alichora akafuta mara tano. Alinipa maji. Alinifumbisha macho, akaniambia nifikirie kitu kizuri, nikamfikiria Madamu na pazia lake, unyusi ukapanda zaidi. Saa mbili zikapita. Wenzake walikuwa wanamaliza unyusi wa pili.

"Chora tu!" nikamwambia. "Kadiria! Chora twende nyumbani!"

Akaiweka penseli chini. Akavua glavu, na nikaona mikono yake imepona, laini, imetulia kabisa.

"Mwalimu," akasema, "uso huu leo haupimiki. Nikifuata ulivyo sasa, siku wifi akitulia, unyusi huu utakuwa chini ya mwenzake. Sichori."

Nesi akaja, akanitazama muda mrefu. "Unajua utaratibu. Asiyechora anarudi muhula ujao. Miezi minne."

"Najua."

Nesi hakumsifu wala hakumpa mkono. Aliandika kwenye karatasi neno moja, *hakuchora*, akaenda kwa mwingine.

Nje, kwenye baraza, nilimlipukia. Kwamba ameniita kazini bure. Kwamba miezi minne mingine si mchezo. Kwamba umbali wenyewe uliomshinda haufiki hata punje ya mchele, na nani angeuona? Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Ungeuona wewe," akasema. "Kila asubuhi unapopiga mswaki. Mimi ningefaulu, wewe ungebaki nao." Akachukua mkoba wake. "Twende. Nimechoka, wifi."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilikuwa nimewalaani walimu wote wale, kipaza sauti, kopa jekundu na pazia, na siku alipokuwa amekwisha kuwa fundi kamili mbele yangu, aliyemfelisha ni mimi.

Nikamwambia anisubiri. Nikarudi ndani mpaka dirisha la ofisi, nikagonga kioo, nikaomba orodha ya muhula ujao. Mbele ya jina la Kitana, mahali pa uso, palikuwa wazi. Nesi alikuwa pale pale anakunywa maji. Akaniangalia juu ya miwani.

"Wewe si yule mwenye hasira?"

"Ndiye."

"Na miezi minne itatosha kuzituliza?"

Nikamwambia sijui, aniandike hivyo hivyo.