Mtani Alipobeba Begi Langu

Miaka ile ya tisini na kitu, watu wa Walthamstow, mtaa wa London, waliniita kiguu na njia, wala hawakunionea. Nilikuwa nawatunza wazee kwenye nyumba ya kulelea, na ikifika Ijumaa jioni chumba changu juu ya duka la vitambaa kilinibana. Sababu kubwa ilikuwa simu. Ilitundikwa ukutani kwenye korido, na kila ikilia nilitaka kukimbia. Baba alikuwa hoi kitandani Kisarawe, nami pasi yangu ilikuwa imekaliwa na Uhamiaji. Sikuweza kwenda kumwona. Niliweza kungoja tu, na kungoja Mungu hakunijalia.

Basi kila sikukuu ikiangukia Jumatatu, tulipanda gari watatu kwenda milima ya kaskazini mwa Uskochi, mahali pa mvua, matope na visubi, ambako simu haikunifikia. Tuliyekuwa tukiishi naye nyumba moja, dada wa Bukavu, alikuja kwa sababu hakuniamini peke yangu. Mwenye gari alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, fundi bomba, na gari lilinuka gundi.

Mimi ni Mzaramo. Kwetu makabila haya mawili ni watani, kwa hiyo tuna ruhusa ya kutukanana popote, kuanzia harusini hadi msibani, na hakuna kununa. Kila tuliposhuka garini nilimtupia begi langu.

"Beba, mpagazi. Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo."

Alilirudisha kwa teke. "Beba mwenyewe, mvivu wee. Nyie Wazaramo mnazaliwa mmeshachoka."

Mwanzoni dada wa Bukavu alidhani tunagombana kweli, akawa anatuombea.

Safari ninayoikumbuka ilikuwa mwishoni mwa Mei. Tulilala kwenye kibanda cha mawe kisichofungwa, cha wapita njia. Jumamosi kutwa sikutulia. Nilipanda kilima, nikashuka, nikasimama kando ya ziwa nikilirushia mawe kama lina deni langu. Jumapili asubuhi mtani alikwenda kijijini kununua mkate na kumpigia mkewe aliyebaki London, kama desturi yake. Alikawia. Aliporudi hakuwa na mkate.

Walinong'ona nyuma ya kibanda, yeye na dada wa Bukavu. Kisha dada akaja na bakuli, akaniita kama kwao wanavyomwita mkubwa wao.

"Yaya, kula kwanza. Uji iko moto."

"Sina njaa."

"Kula tu. Leo tunarudia Londoni. Mvua itakuwa mingi."

Nilitazama juu. Kwa mara ya kwanza tangu tufike, mbingu ilikuwa nyeupe, bila wingu. Nikafoka. Mvua gani? Nani kaamua? Mbona mimi sikuulizwa? Wao wakaanza kukunja mablanketi, na mimi nikiachwa nifoke peke yangu hasira huniisha haraka. Nikafungasha kwa kurusharusha vitu, kisha kwa mazoea nikamtupia mtani begi.

"Beba, mpagazi."

Akalibeba. Alilivaa mgongoni, akakaza mikanda, akashika njia ya kwenda garini.

Nikamkimbilia nyuma. "Nitukane," nikamwambia mgongo wake. "We Mnyamwezi, nitukane basi!"

"Njia ina utelezi," akasema. "Angalia unapokanyaga."

Kwetu mtu hapewi habari ya msiba njiani. Hungojwa afike nyumbani, atie kitu tumboni, akae chini, watu wa kumshika wawepo. Mimi mwenyewe nimewahi kuwafanyia wenzangu hivyo. Kwa hiyo nilijua wanachofanya, na swali moja tu lingetosha kuwafungua midomo. Sikuuliza. Siku nzima barabarani, mimi mwenye domo, sikuuliza. Nilifungua dirisha, nikafunga. Nilivua buti, nikavaa. Kila kituo cha mafuta niliomba tusimame, nikaingia chooni, nikashika sinki, nikarudi. Dada alinimenyea chungwa, akamenya jingine. Maadamu hakuna aliyesema, baba alikuwa bado amelala kule Kisarawe, akilalamika kwamba chai haina sukari. Tulipoanza kuona vibao vya London niliuchukia mji ule kwa moyo wote.

Ngazi za kwetu zilijaa viatu. Makubazi, raba, viatu vyeupe vya wauguzi, kuanzia chini hadi mlangoni. Ndani walikuwamo akina mama wamejifunga khanga, na mmoja wa Kizanzibari akanikalisha mkekani, akanishika mkono, akasema. Baba alifariki Jumamosi alfajiri, akazikwa alasiri ya siku hiyo hiyo. Nyumbani walipiga simu yetu ikalia bila mtu, wakampigia mke wa mtani.

Alasiri ile ile mimi nilikuwa ziwani, narusha mawe.

Machozi hayakuja. Miguu ilitaka kwenda tu. Nilichomoa mkono, nikainuka, nikaelekea mlangoni. Niende wapi, sijui.

Mtani ndiyo kwanza alikuwa anaingia na begi langu. Aliponiona akalibwaga, akajilaza kizingitini, mlango wote akauziba, akaachama kinywa na kufumba macho kama maiti.

"Hapiti mtu," akasema. "Mzee wenu ndiye huyu. Nani kasema aliumwa? Mzaramo huyu, mvivu. Kachoka kupumua."

Dada wa Bukavu alijishika kichwa. "Eeh, Mungu wangu! Bwana, lamuka!" Wa kwetu wakamzuia, wakimwambia amwache, ni mtani.

"Toka hapa, mpagazi," nikasema. Cheko likanitoka, na nyuma yake kilio. Nikakaa pale kizingitini, begi miguuni, nikamlilia baba yangu. Sikutaka tena kwenda popote. Mtani alijisogeza kidogo ukutani, nipate pa kukaa.