Prosesa ya Baba Mdogo

Mpaka leo nikiikumbuka ile Jumapili damu inanichemka. Watu wananiambia yamepita, msamehe shangazi yako. Mimi kusamehe sina ugomvi nako. Ugomvi wangu ni na watu wazima wanaogawana vifaa vya kompyuta kwa kuangalia nani kazaliwa kabla ya nani.

Nilikuwa nimemaliza chuo Mwanza, nimerudi nyumbani Ndama bila ajira, na cheti changu mama kakilaza kwenye sanduku chini ya vitenge vyake. Nikaamua kufungua kibanda cha gemu pale senta. Vijana wa bodaboda wanashinda pale wakingoja abiria, na nilijua wakipata mpira na mbio za magari kwenye skrini hawatabanduka. Kompyuta ya gemu iliyokamilika haishikiki kwa watu kama sisi. Ila unaweza kutafuta vipande, kimoja kimoja, vingine vya mtumba, ukaunganisha mwenyewe. Hilo nalijua. Ndilo nililolisomea.

Baba akasema hilo ni jambo la ukoo. Kwetu mtoto akijenga nyumba, ukoo unakaa: huyu analeta mabati, yule misumari, mwingine mlango. Akawaita nduguze, kahawa za kutafuna zikapitishwa kwenye kisahani, nami nikatoa karatasi niliyoiandika kwa siku tatu. Niliwaambia wazi kwamba kompyuta si nyumba. Mlango ukizidi kidogo, fundi anaupiga randa. Prosesa, ile inayofanya kazi yote ya kufikiri, haipigwi randa. Inakaa juu ya bodi, na bodi lazima iwe ya kwake. Kampuni kubwa za prosesa ni mbili, na bodi ya moja haiipokei prosesa ya nyingine hata ulie. Pembeni ya kila kifaa nilikuwa nimeandika namba yake kamili.

Baba mkubwa akaishika karatasi mbali na macho, akauliza, "Hapa kikubwa ni kipi?"

"Kwa umbo ni keisi, baba mkubwa. Lile kasha la nje."

"Basi hicho changu."

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Shangazi, dada mkubwa wa baba, akapewa bodi kwa sababu ni pana. Baba akachukua pawa saplai kwa sababu ni nzito. Kaka yangu akapewa kadi ya picha kwa sababu ni ndefu. Nilikuwa naona kabisa upumbavu unapangwa mbele yangu kwa heshima zote, na mdomo sina.

Mwisho wakamfikia baba mdogo. Huyu ni mume wa mama mdogo. Wazazi wake walitoka Burundi, lakini yeye kazaliwa hapahapa, kabatizwa kwenye kanisa letu, ana mvi, na bado kwenye vikao vyetu anaitwa mtu wa kuja. Hana kibanja, hana shamba la migomba la kwake. Anaishi Bugomora na analima vibanja vya wenzake. Kwenye harusi zetu yeye ndiye wa kuchota maji, na picha zikipigwa anaambiwa ashike mkoba wa mtu.

"Na huyu?" akauliza baba mkubwa.

"Mpeni kile kidogo," akasema shangazi. "Asije akaumia."

Kile kidogo ndiyo prosesa.

"Waitu, shangazi," nikasema kwa adabu, "hicho ndicho ghali. Kinalizidi hilo kasha mara nyingi."

Wakacheka. Kitu kinachoenea kwenye kiganja! Baba mdogo hakucheka. Alisogea kwenye benchi lake la karibu na mlango, akaniomba nimwandikie namba kwenye kikaratasi chake, kwa herufi kubwa, maana kusoma kwake ni kwa kuokoteza. "Nitajitahidi, mwanangu," akasema. Msimu ule alichuma kahawa za watu Bugomora, na zilipokwisha akaenda Nyakakika kupalilia migomba ya watu. Mama mdogo aliniambia kwamba alipofika kwa muuza vifaa alikataa prosesa mbili, akiweka kikaratasi kando ya kila moja na kufuata herufi kwa kidole, mpaka muuzaji akamtukana.

Jumapili tuliyopanga kuunganisha, watu walitoka kanisani wakaja moja kwa moja kwetu, bado wamevaa vizuri. Kila mtu akaweka chake mezani. Keisi ya baba mkubwa ilikuwa na kioo ubavuni na taa za rangi nne. Shangazi akaifunua bodi yake kutoka kwenye khanga taratibu, mtu akasema ahaa. Baba mdogo akatoa chake kwenye mfuko wa shati. Alikuwa amekizungushia pamba, juu ya pamba karatasi ya nailoni.

Nikafungua kibanio cha bodi nipachike prosesa, nikaona kosa. Prosesa ilikuwa na miguu, vijiwaya vya dhahabu vimejipanga chini yake. Mahali pake kwenye bodi palitakiwa kuwa na matundu ya kuipokea miguu hiyo. Palikuwa na miguu pia. Miguu kwa miguu, haiingii. Hizi zilikuwa kampuni mbili tofauti.

"Kuna nini?" akauliza baba.

"Havipatani."

"Nilijua," akasema baba mkubwa. Akamtazama baba mdogo. "Kitu kidogo tumekupa, nacho kimekushinda."

"Yangu nimeitoa dukani mpya," akadakia shangazi. "Hata yule wa dukani aliniambia hii ni bora kuliko ile ya kwenye karatasi."

Nani alimuuliza yule wa dukani? Amesema hadharani kwamba karatasi aliiacha, na hakuna hata mmoja aliyesikia, kwa sababu macho yote yalishakimbilia kwenye benchi la mlangoni. Baba mdogo akatoa kikaratasi, kimelegea kwa jasho, akanipa kwa mikono miwili. "Soma, mwanangu. Labda sikuona vizuri."

Nikasoma. Nikageuza prosesa, nikasoma mgongoni mwake. Namba kwa namba, herufi kwa herufi. Katika watu wote wale wenye viatu vya kung'aa, aliyefuata karatasi yangu alikuwa mmoja.

Nami nikasema nini? Nikasema, "Ngoja niangalie vizuri." Shangazi alikuwa ananitazama, baba ananitazama, nikaogopa. Jibu hilo nalichukia kuliko maneno yao yote.

Baba mdogo akalielewa vibaya, kama ambavyo mtu yeyote angelielewa. Akaizungushia prosesa pamba yake tena, akairudisha mfukoni. "Nitarudisha," akasema. "Nitamwomba yule muuzaji." Hakuna aliyemwambia kaa kwanza ule. Akatafuta kandambili zake kati ya viatu vya watu mlangoni.

Hapo ndipo sauti iliponitoka. "Baba mdogo, usiende. Ya kwako ndiyo sahihi. Iliyokosewa ni ya shangazi."

Makelele yakalipuka. Shangazi akaikunja bodi kwenye khanga yake akisema hajawahi kuvuliwa nguo mbele ya mtu wa kuja. Baba akaniamuru niombe radhi palepale. Nikamuuliza radhi ya nini, namba si hizi hapa? Nikamwekea karatasi usoni. Hakuisoma. Akasema namba si tatizo, tatizo ni mdomo wangu. Shangazi akaondoka bila kuaga, na kusalimiana kwetu ni kwa kupitia mama hadi hivi leo. Baba mdogo alibaki amesimama na kandambili moja mguuni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ungeniacha tu nikarudishe." Hata yeye! Nilitamani kumfokea yeye pia. Nikamshika mkono, nikaomba ile prosesa, akanipa.

Bodi sahihi niliipata ya mtumba baada ya kufundisha watu kompyuta jioni kwa miezi miwili. Mashine ikawaka, kibanda kikafunguliwa, skrini ikiwa televisheni ya zamani ya baba. Ukoo ukaja kutazama. Baba mkubwa akawaonyesha bodaboda taa zake kupitia kile kioo. Kaka akaonyesha kadi yake ilivyo ndefu. Baba akagonga pawa saplai kwa kidole.

Baba mdogo alikuja mchana, na jembe. Aliliegemeza nje, akainama mbele ya kioo, akatazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "yangu ni ipi?"

Haikuonekana. Prosesa hukaa chini ya feni yake, imebanwa, imefunikwa kabisa. Watu wanne walikuwa kwenye foleni na wawili katikati ya mechi. Nikazima mashine.

"Wee, vipi tena?" akalalamika baba mkubwa. "Si umwambie tu iko humo ndani?"

Nikachukua bisibisi. Feni iking'olewa lazima prosesa ipakwe upya grisi ya kutuliza joto, na nilijua iliyobaki inatosha mara moja tu. Nikafungua kioo, nikafungua skrubu nne, nikaing'oa feni, nikaifuta prosesa kwa pamba mpaka namba zikaonekana. Baba mdogo akapangusa kidole kwenye suruali, akaanza kuzisoma moja moja, kwa kuokoteza, kwa sauti.

"Atamaliza saa ngapi?" akauliza baba mkubwa.

Skrini ilikuwa nyeusi, taa zake nne zimezimika, na watu wote mle ndani walikaa wakamsubiri baba mdogo asome.