Keki ya Kopo ya Odelia Fontenette

Mwaka mmoja Desmond, msukuma toroli za mashuka machafu, alikaa na kitoto cha plastiki, kisanamu kidogo kama haragwe, ndani ya shavu tangu chai ya asubuhi mpaka saa ya kutoka kazini. Akiulizwa jambo anajibu kwa kichwa. Wenzake wakadhani jino linamsumbua, wakamwonea huruma kweli kweli, mpaka alipopiga chafya. Kitoto kikaruka, kikatua juu ya rundo la foronya mbele ya macho ya watu. Walicheka mpaka wakazima mashine. Ijumaa iliyofuata Desmond alileta keki ya wafalme kavu kama sponji iliyosahauliwa juani, nao wakaila hivyo hivyo.

Ndivyo msimu wa Kanivali unavyokwenda kwenye dobi, chumba cha kufulia cha hoteli ile ya karibu na mto. Kuanzia Sikukuu ya Wafalme, tarehe sita Januari, mpaka Mardi Gras yenyewe, Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima, kila Ijumaa lazima keki iwe mezani, na ndani ya keki kitoto. Kikikuangukia wewe, keki ya Ijumaa ijayo ni yako. Sasa binadamu tulivyo, keki tunaipenda, kuileta hatutaki. New Orleans nzima imejaa watu wazima na heshima zao wanaoficha vitoto kwenye soksi.

Odelia Fontenette alikuwa mtu wa aina nyingine. Yeye kitoto kikimwangukia alikiinua juu akapiga kigelegele. Keki yake aliikanda kwa mkono, kwa hamira na siagi na mayai, kama mama yake alivyomfundisha jikoni kwao Gentilly, akaisuka kama nywele za msichana, akaikunja duara. Keki za kununua aliziita matope yenye sukari. Na zile za kutengeneza kwa unga wa kopo, uliokwisha kukandwa kiwandani, hizo hata jina hakuzipa. Alikuwa na kiburi, tuseme ukweli, lakini kiburi chake kilikuwa kinalika.

Mwezi wa Agosti akapigwa na kiharusi. Alikuwa anakunja shuka na Lurlene Picou, mwenzake wa miaka mingi, kila mmoja ameshika pembe zake, mara Lurlene akaona upande wa Odelia unashuka. "We Odelia, vuta!" Odelia hakuvuta. Alikuwa anaenda chini na shuka lake.

Alipona, ila mkono wa kushoto uligoma. Unainuka, unashika kidogo, unaachia pale unapotaka wenyewe. Na siku zile zote alizokuwa nyumbani, wale watu wa dobi hawakumwacha. Kila Jumatatu Lurlene alikuja na sufuria ya maharage mekundu. Desmond, huyo huyo wa shavuni, alimpeleka kwenye mazoezi ya mkono kwa gari lake bovu na kumsubiri nje. Alcide Barthelemy, msimamizi wao, mtu wa maneno machache, alikuja Jumapili moja na mbao, akamtengenezea kishikio cha ngazi za mbele, akaenda zake bila hata kunywa maji. Odelia akijaribu kushukuru wanamkata kauli. "Nyamaza ule." "Ah, mambo gani hayo." Shukrani ikamkaa kifuani, hana pa kuitua.

Kuna jingine lililomkaa kifuani, na hilo hakumwambia mtu. Daktari alipoulizwa kuhusu mbele ya safari alikuna kidevu, akasema tutaona. Tangu hapo Odelia aligundua kwamba watu wakiwa naye hawataji mwakani. Wanapanga gwaride la mwakani, vazi la mwakani, harusi ya mpwa wa fulani mwakani, yeye akiingia wanahamia kwenye hali ya hewa. Walikuwa wanamhurumia, basi. Lakini huruma ya namna hiyo inamzika mtu akiwa bado anakula.

Januari akarudi kazini. Shuka hakuweza tena, wakampa vitambaa vya meza. Ijumaa ya kwanza Alcide akakata keki, Odelia akapata kipande, hakina kitu. Ijumaa ya pili, hakina. Ya tatu, hakina. Akasema moyoni, haya, bahati. Ijumaa iliyofuata alifika mapema kidogo, akawa anatundika koti nyuma ya rafu, akamsikia Lurlene akinong'ona.

"Umekiona?"

"Kiko huku," Alcide alisema. Alikuwa ameinua keki kwa mikono miwili, anaichungulia chini, pale palipotobolewa kupitisha kitoto. "Huu upande wako wewe. Odelia nitamkatia kule."

"Fanya haraka basi, asije akatukuta."

Odelia akatoka nyuma ya rafu, koti mkono mmoja limevaliwa, mwingine linaburuza.

"Ameshawakuta."

Keki ilikuwa bado juu mikononi mwa Alcide. Akaishusha polepole kama mtoto aliyekamatwa na mtungi wa sukari.

"Kwa hiyo ndio mchezo wenu! Wiki zote hizi nakula mapengo tu?"

"Shoga, usikasirike," Lurlene akasema. "Tulitaka upumzike. Na huo mkono wako..."

"Nimepumzika mpaka mgongo umeota kutu! Nilipolala mlinilisha. Sawa, Mungu awalipe, sitasahau mpaka nife. Sasa nimesimama, Lurlene, na bado mnanilisha. Mimi nitawalisha lini? Au mmeshanihesabu kwa marehemu?"

Desmond alikuwa ameingia na toroli lake, akasimama mlangoni. Odelia akashika kisu kwa mkono wa kulia, akakata pale pale Alcide alipopaonyesha, kipande kimepinda vibaya, akachimba kwa kidole. Kitoto kikatoka na mdalasini kichwani.

"Jamani," Desmond akasema, "miaka yote mimi nakimbia, kumbe kuna watu wanakipigania?"

"Wewe ule unyamaze," Odelia akamwambia, na hapo kicheko kikawatoka wote, hata yeye.

Basi keki ya Ijumaa ijayo ikawa yake. Nayo haikuwa Ijumaa ya mchezo, kwa sababu ilikuwa ya mwisho kabla ya Mardi Gras. Anayepata kitoto cha keki ya mwisho hadaiwi wiki ijayo. Anadaiwa kuufungua msimu mwingine, Sikukuu ya Wafalme.

Alhamisi alipotoka kazini alifunga aproni, akamimina unga mezani, akatia hamira na maziwa ya vuguvugu, akaanza kukanda. Mkono wa kulia ulisukuma, wa kushoto ukalala juu ya unga, hausukumi wala hauondoki. Unga ukanata mpaka kwenye kiwiko. Akaongeza unga, akaongeza maziwa, ikawa uji, ikawa jiwe. Mwisho akakaa kitini, mikono imejaa gundi, akalia. Alilia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. "Mama," alisema kwa sauti, "nimeshindwa na donge!"

Alipomaliza kulia alinawa, akavaa viatu, akaenda dukani kwenye kona. Alinunua makopo mawili ya unga ule wa vibiringo vya mdalasini, akayafunika na gazeti kapuni ili jirani asiyaone.

Kopo lile hufunguliwa kwa kuligonga kwenye ukingo wa meza. Odelia alilibana kwapani, akaligonga, halikufanya kitu. Akaligonga kwa nguvu zaidi, likapasuka kwa kishindo, akaruka, vibiringo vikamtazama vimenona na vimekamilika. Alicheka peke yake mpaka akashika meza. Ikawa kazi nyepesi, tena nyepesi mno. Alivibonyeza vikashikana kuwa utepe mrefu, akapaka jibini laini iliyokorogwa na sukari, akafunika, akausokota kwa mkono mmoja, akaukunja duara kwenye sinia la kuokea. Haikuwa ile ya kusukwa kama nywele. Ilikuwa duara, lakini. Akaitia ovenini, na nyumba ikanukia kama zamani, hilo hakulitegemea.

Ilipopoa aliimwagia sukari laini iliyokorogwa na maziwa, kisha sukari za rangi za Kanivali, zambarau, kijani na dhahabu. Mkono wa kushoto akaupa kazi ya kushika chupa. Ulitii kwenye kijani, ulitii kwenye dhahabu, kwenye zambarau ukatetemeka na chupa ikaanguka, sukari ikarundikana mahali pamoja. "Haya, asante hata kwa hizo mbili," akauambia. Plastiki haiingii ovenini, kila mtu anajua, kwa hiyo kitoto akakichomeka mwisho kwa chini, chini ya lile rundo la zambarau. Alikuwa amemtengea Desmond. Desmond anapenda sukari, rundo lile asingeliacha, na mwakani angelia.

Asubuhi aliingia dobi na boksi kifuani. Lurlene alikata kijipande kabla ya zamu, akatafuna, akaacha kutafuna.

"Odelia. Hii ya kopo."

"Ya kopo. Kula au uache."

Lurlene alimtazama mkono, akatazama keki, na macho yakamlowa. "Nakula," akasema. "Sijasema mbaya. Nimesema ya kopo."

Chai ilipofika walikusanyika. Odelia alikuwa amepanga maneno tangu alfajiri, na safari hii hakuna aliyemkata kauli. "Maharage yenu nimeyala. Gari lenu nimepanda. Kishikio chako, Alcide, nakishika kila siku nikishuka. Nilitaka kuwaletea keki ya mama yangu, mkono umekataa. Nimewaletea hii. Asanteni. Ndiyo hayo tu, kateni."

Alcide akajifuta pua kwa mgongo wa mkono, akakata, akagawa. Desmond alikifumua kipande chake kwa uma kama anayetafuta bomu. Hakuna kitu. "Asante Bwana Yesu!" akapiga magoti kabisa. Lurlene, hakuna. Wakaendelea kutafuna, wakalamba vidole, mtu akaomba cha pili.

Uma wa Odelia ukagonga kitu kigumu.

Akatazama sahani. Akaizungusha kidogo, na kwa upande wa pili, ambao hakuuona alipopewa, palikuwa na rundo zima la sukari ya zambarau. Alcide alikuwa amempa mgongo, anapangusa kisu ambacho kilikuwa safi tayari.

"Alcide."

"Naam."

"Umechungulia chini."

"Mimi? Mimi nimekata tu."

"Nilikuwa nimemwekea Desmond."

"Basi kimekuja kwako." Alcide akageuka, akamtazama usoni bila kukwepa, kitu ambacho hakuna mtu aliyekuwa amemfanyia tangu Agosti. "Mwakani, Bi Odelia. Sita Januari, saa ya chai. Na mwakani usituletee ya kopo."

Odelia alikitia kitoto kwenye kiganja cha kushoto, akavikunja vidole juu yake kimoja kimoja kwa msaada wa mkono wa kulia, akakaa nacho hivyo mpaka chai ikaisha.

"Haya, kazini," Alcide akasema.

Lurlene alikuwa ameshachukua shuka kutoka kwenye rundo. Alishika pembe mbili, akamtupia mwenzake zile mbili nyingine.

"Vuta," akamwambia.

Odelia akakitia kitoto mfukoni, akavuta.