Niliandika kifo cha mtoto wa wifi yangu kabla hajazaliwa

Admin, ficha jina langu. Majina mengine nimeshayabadilisha mwenyewe. Mimi ni mama wa miaka thelathini na saba, mwalimu wa chekechea pande za Nuu, Kitui. Ndoa ilinishinda nikarudi kwetu, kwa hivyo naishi boma moja na mamangu, mdogo wangu na bibi yake, ambaye nitamwita Mwende. Msinitukane kabla hamjamaliza kusoma. Mkimaliza, sawa, tukaneni.

Mimi ndiye katibu wa kikundi chetu cha akina mama. Dispensari yetu iko na nesi mmoja, Jumatatu hadi Ijumaa. Wikendi ni kufuli. Ukishikwa na uchungu Jumapili unapandishwa bodaboda, unavuka mto mkavu, unatafuta hospitali ya mbali wewe na Mungu wako. Tukasikia kuna pesa kidogo mashirika hupea vikundi, wanaita grant, lakini si ya kununua mbuzi ama tangi la maji. Ni ya kufuatilia serikali: kuitisha mikutano, kukusanya sahihi, kupeleka ombi kaunti mpaka wasikie. Tukaenda kufundishwa siku mbili mjini Wote, kule Makueni, na dada wa shirika akatuambia, "Hadithi bila sura haisomwi. Tupeni mtu mmoja, na picha yake."

Nikazunguka nyumba kwa nyumba. Wako akina mama waliopoteza watoto kwa hiyo barabara, nawajua, nimekunywa chai kwao. Hakuna aliyekubali. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, hiyo nilizika. Usinifukulie." Kwetu kitu kama hicho hakipewi wageni. Na fomu ilikuwa inafungwa Ijumaa. Mwenyekiti akanisukuma, "Si wewe ndiye unajua kuandika? Andika basi!"

Nikaandika.

Mwende alikuwa na mimba ya miezi sita, ya kwanza. Nilimpiga picha akichambua ndengu, sinia imefunika tumbo, nikamwambia ni ya kikundi. Akacheka, "Aiya wifi, ungeniacha hata nifunge kitambaa vizuri!" Nikaandika kwamba huyu mama alishikwa na uchungu Jumapili, bodaboda ikakwama kwa mchanga wa mto, mtoto wake wa kiume akafia hapo. Ili iguse zaidi, nikampa huyo mtoto jina. Kwetu mvulana wa kwanza huitwa babu yake wa upande wa baba, kwa hivyo nikaandika Mutua, jina la marehemu babangu. Halikunijia lingine. Nilijiambia ni uongo wa fomu tu, utasaidia watu.

Grant ikatoka. Tulipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. Mikutano ikafanyika, watu wakaweka sahihi, wazee hata waliokuwa wanatucheka wakaweka vidole.

Halafu Mwende akashikwa na uchungu. Jumapili. Tulikuwa kanisani, mahubiri hata hayajaanza. Bodaboda ikakwama kwa mchanga, mahali penyewe nilipoandika. Mimi ndiye nilimshika mtoto, kwa leso yangu. Alikuwa mvulana. Alilia mara moja tu, kidogo hivi, halafu akanyamaza. Najua mtasema kila mtu huvuka hapo, kila pikipiki hukwama hapo, mimi si Mungu. Hata mimi hujiambia hivyo kila siku na hainisaidii.

Wakati wa kumzika mamangu alisema, "Huyu hajapata jina. Tumlaze tu." Na mimi nimesimama hapo, jembe mkononi, najua ako nalo. Nilimpa mimi, miezi mitatu kabla, nikijaza fomu kwa simu, nikinywa chai. Jina la baba ndilo langu la pili, na tangu siku hiyo linanishinda kuandika. Nikitia sahihi kwa kitabu cha kikundi, mkono unasimama katikati. Huo mto nikiuvuka nasikia kile kilio. Sisemi nakumbuka. Nasikia, mpaka nageuka kuangalia nyuma. Mwende naye ananipikia, ananiita wifi, anawaambia watu bila mimi angekufa. Ningependa anipige.

Sasa Alhamisi ijayo kamati ya afya ya kaunti itatusikiliza. Shirika limetuchapishia vijitabu, katoni nzima iko chini ya kitanda changu. Ukurasa wa kwanza ni Mwende na sinia yake ya ndengu, hadithi yote chini, na jina Mutua. Hawakubadilisha hata neno, kwa sababu wao wanaamini ilikuwa kweli tangu mwanzo. Wanataka mama mwenyewe aongee. Mwende alikubali palepale. "Nitaenda, wifi. Wewe ulinishika mtoni, wacha hata mimi nimshike mwingine." Na Mwende amemaliza kidato cha nne. Akipewa hicho kijitabu atakisoma.

Nikimwambia sasa, hataenda, na ombi letu litaanguka, na hapa kijijini kuna wasichana watatu wako na mimba. Mdogo wangu atanifukuza boma, na ana haki. Mamangu sijui hata nitamwangalia aje. Nikinyamaza, atalisoma hilo jina mbele ya watu wa kaunti, na atajua ni nani alimpa mtoto wake jina hilo, na lini, kwa sababu tarehe ya fomu iko hapo chini.

Jana nilikuwa namsuka nywele za hiyo safari. Akaniuliza polepole, "Wifi, wakitaka kujua mtoto aliitwa nani, nitasema aje?"

Nikamwambia, "Usitingishe kichwa, mistari itapinda." Nikaendelea kusuka.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, ataniuliza tena kabla ya Alhamisi. Nimjibu nini?