"Mama Ndiye Kaniambia"

Nilikuwa uani naosha karoti za gulio nilipoona wanawake wanapanda njia ya kwetu, kuni na mahindi kichwani, kanga wamezifunga kiunoni. Huku kwetu Lushoto ukiona hivyo huulizi, kuna nyumba imefiwa. Nikawa nafikiria ni nyumba gani. Wakaingia kwetu.

Jirani aliyetangulia akatua mzigo, akanikumbatia, akaanza kulia. "Pole mwanangu. Mzee wetu katutoka."

"Shikamoo mama. Mzee yupi?"

"Baba mkwe wako."

"Baba mkwe yuko hospitali, Bumbuli. Mume wangu yuko naye, kapiga simu sasa hivi. Mzee kanywa uji, analalamika hauna sukari."

Machozi yakamgandia usoni. Nyuma yake mwingine akauliza kwa sauti ya chini kama ayarudishe mahindi yake au ayaache tu.

Habari ilitoka kwa binti yangu wa miaka sita. Jana yake bombani waliokuwa wanachota maji walimuuliza babu anaendeleaje, akawaambia kafa. Basi. Huku mtu hahakikishi msiba, maana kuhakikisha ni kama kutaka uonyeshwe maiti. Ukisikia unabeba kuni unakwenda. Ndilo kosa letu, na kwa kweli ni kosa zuri.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ndiye anayeishika nyumba tangu mama mkwe afariki. Akatoka jikoni, akamwita mtoto mbele ya wote.

"Nani kakwambia babu kafa?"

"Mama ndiye kaniambia."

Macho yote kwangu. Mkwe anayemzika baba mkwe akiwa hai.

"Wifi," akasema, "si ungengoja hata mumeo arudi?"

"Sijamwambia kitu kama hicho."

"Basi mtoto kadanganya mara mbili." Akarudi jikoni, akatoka na pilipili mbichi ameshaipasua. "Njoo hapa, mwali. Leo huo mdomo utatulia."

"Sisi wote hapa tulipakwa," akasema jirani yule yule aliyekuwa analia, "na tumekuwa watu." Wenzake wakaguna kumuunga mkono.

Na mimi nilipakwa. Nilichojifunza ni kudanganya vizuri zaidi, uso umetulia. Nikamshika binti yangu mkono, nikaenda naye nyuma ya banda la ng'ombe, wakaniita nisigeuke.

"Kwa nini umenisingizia?"

"Wewe mkubwa. Hawawezi kukupaka."

Sitawadanganya, mkono wa kofi nilikuwa nimeshauinua hadi begani. Nikaushusha, nikaufutia kwenye kanga.

"Na hilo la babu umelitoa wapi?"

"Shangazi kasema babu kasafiri."

"Sasa?"

"Bibi naye mlisema kasafiri."

Nikakaa chini pale pale kwenye majani ya ng'ombe. Siku ya kumzika mama mkwe, wifi aliamua mtoto apelekwe kwa majirani wa ng'ambo ya pili, aambiwe bibi kasafiri. Wiki nzima alikuwa akisikia gari anakimbilia barabarani. Halafu babu yake akabebwa alfajiri, hana begi, hana hata viatu, na akaambiwa neno lile lile. Alipiga hesabu yake kwa alichopewa.

"Nisikilize. La babu ulikosea, hukudanganya. La kwangu ulidanganya. Unakwenda kulisema mwenyewe mbele yao, na mimi nitasimama hapo hapo."

"Watanipaka."

"Waanze na mimi."

Tukarudi uani. Alisema kwa sauti ndogo mpaka mmoja akamwambia arudie, akarudia. "Mama hakuniambia. Nilimsingizia."

Wifi akasogea na pilipili yake. Nikasimama katikati yao.

"Kasema kweli mbele ya watu, wifi. Ukimpaka sasa, unampaka kwa hiyo kweli."

"Unamharibu mtoto wa mdogo wangu."

"Mtoto nimemzaa mimi. Na uongo wa kwanza humu ndani si wake. Mama mkwe kasafiri kwenda wapi? Mwambie, anakusikia."

Akaanza Kishambaa, maana hasira zake hazina Kiswahili. Sina adabu, nimeletwa na kidato changu cha nne kuja kuwafundisha kulea, nawaaibisha mbele ya wageni. Mkwe hajibizani na wifi mkubwa, hilo nalijua tangu sijaolewa. Nilisimama nikamwacha amalize, na sikutoka pale katikati. Mpaka leo gulioni wananisema. Waseme.

Alipomaliza, mtoto akachungulia pembeni ya kanga yangu.

"Shangazi, bibi alikufa?"

Hakuna aliyemsaidia wifi. Wanawake wote wale, kila mmoja akapata kitu cha kutazama kwenye mzigo wake.

"Alikufa," akasema. Sauti ilikuwa imepungua. "Tulimzika shamba la juu, kwenye migomba."

"Na babu?"

"Babu anaumwa. Bado hatujui."

Binti yangu akaitikia kwa kichwa. Akauliza kama anaweza kwenda kumwona bibi, hapo alipo. Wifi akanitazama mimi, mara ya kwanza asubuhi ile kama anayeomba ruhusa. Akaitupa pilipili majanini, akanyoosha mkono amshike mtoto.

"Nawa kwanza, wifi," nikamwambia.

Akaenda kunawa.