Kuba la Gesi la Mama Diane

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nikunje mikono ya shati na kuzamisha mkono mpaka kwenye kiwiko ndani ya pipa la mavi ya ng'ombe. Mimi, mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili mjini, fundi mwashi niliyezoea kujenga maghala ya bandarini, na shati langu jeupe mama kalipiga pasi asubuhi ile! Karakana ya mradi wetu wa gesi ya samadi ilikuwa Zone Industrielle, eneo la viwanda, na mkuu wake tulimwita Chef d'atelier tu, mtu mfupi mwenye sauti ya kupasua bati.

“We unaogopa nini?” akanifokea. “Koroga. Ukipata jiwe, toa. Hii ndiyo chakula ya mutambo. Mutu akikula mawe atashiba?”

Nikakoroga huku napumua kwa mdomo. Tangu siku ile nguo zangu za swala zilikaa kwenye mfuko wa peke yake, na nilipooa, mke wangu akaniwekea sheria: za kazini zinalala nje.

Nyinyi vijana mnaowasha jiko la gesi bila kufikiri, sikilizeni ilivyokuwa. Mkulima mwenye ng'ombe wawili anachimbiwa shimo la duara, ndani yake unajenga chungu kikubwa cha matofali, na juu unakifunika kwa kuba. Mavi yanachanganywa na maji nusu kwa nusu, yanaingia upande mmoja. Humo gizani, bila hewa, vijidudu visivyoonekana kwa macho vinayala, na gesi inapanda kujikusanya chini ya kuba. Bomba linaipeleka jikoni. Upande wa pili unatoka uji mweusi ambao harufu yake imekwisha, na migomba inaupenda sana. Kazi ngumu hapo ni lipu ya ndani ya kuba, tabaka juu ya tabaka, kwa sababu gesi hupita hata pale maji yanaposhindwa. Chef d'atelier alikuwa akiipapasa lipu yangu kwa kiganja, amefumba macho. “Kuba ikivuja,” alisema, “usitafute muchawi. Muchawi ni fundi.”

Neno hilo lilinikaa kichwani miaka yote, na mtaona sasa hivi lilivyotaka kuniponza.

Nilianza kama msaidizi wa lipu, nikapelekwa bondeni Imbo kwa wakulima wa mpunga, ambako maji ya chini yalikuwa yanatufukuza mashimoni. Halafu nikapewa ukuu wa kikosi, Chef d'équipe, kwenye vilima vya juu ya Kanyosha. Huko bosi wangu alikuwa Injinia wa mradi, mtu mrefu, mpole wa maneno, lakini ukimchezea tarehe utamjua.

Nyumba ya kwanza kilimani ilikuwa ya Mama Diane, mjane aliyekuwa akiuza lengalenga, yaani mchicha, sokoni Kanyosha, na Kiswahili chake alikipatia huko. Kuni zilikuwa zimekwisha kilima kizima. Alikuwa anatembea asubuhi nzima kutafuta mzigo mmoja, na goti lake moja lilikuwa limevimba. Ng'ombe wawili aliachiwa na mumewe, lakini mama mkwe wake, ambaye yeye alimwita mabukwe kwa Kirundi, alikuwa bado anawahesabu kama mali ya ukoo. Bibi yule alitangaza mbele ya majirani wote kwamba chakula kilichopikwa kwa mavi hakitagusa kinywa chake. Akaongeza kwamba moto huo usipowaka, ng'ombe wanakwenda kwa mwanawe mkubwa. Mjane bila ng'ombe kule kilimani, shamba lake linakufa naye anaona.

Tukajenga, tukajaza, tukangoja. Moto ukawaka, rangi ya buluu safi, na Mama Diane akapiga vigelegele. Baada ya siku chache ukanywea. Halafu ukafa kabisa. Manometa, yaani ule mpira mwembamba wenye maji ya rangi unaoonyesha nguvu ya gesi, maji yake yalikuwa yamelala tu. Nikapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha bomba, hakuna hata kiputo kimoja kilichochemka. Basi ni kuba. Basi ni mimi. Wallahi niliona aibu mpaka chakula kikanishinda.

Injinia akaja, akatazama, hakugomba. “Vunja kichwa ya kuba. Ingia, piga lipu upya. Ikishindikana, tunafunga kazi hapa, tunaenda kilima ingine.”

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, anatingisha kichwa polepole. Mtoto wake mkubwa alikuwa amekwisha kuitwa aje kuchukua ng'ombe.

Kesho yake asubuhi nikafukua udongo, kuba likatokea. Nikashika nyundo kubwa. Nilikuwa nimeinua mkono Mama Diane alipopita na ndoo, akaniomba nimpishe, eti anataka kuosha zizi kabla shemeji yake hajafika. Ndoo ikapita karibu na pua yangu.

“Mama Diane,” nikasema, “unaoshaka na nini?”

“Na Javel, bwana fundi. Na omo kidogo.”

“Tangu lini?”

“Tangu moto iliwaka. Mabukwe alisema chakula yangu inanuka mavi. Mi nikasema, nitaosha kila siku mpaka hata mavi yenyewe inukie kama hopitali.”

Nyundo nikaiweka chini, nami nikakaa kando yake. Yallah! Javel yote ile, dawa kali ya kung'arisha na kuua vijidudu, na sabuni yote ile ilikuwa inateremka na mavi mpaka ndani ya mtambo, inaviua vijidudu vyangu. Kuba lilikuwa zima. Nikacheka mpaka machozi, kisha nikajikasirikia vibaya. Nilikuwa nimemfundisha kiasi cha maji, nikamfundisha kufungua na kufunga bomba, lakini humo ndani kuna nini, sikumwambia hata siku moja. Nilimwona mwanamke wa kuchota maji tu.

“Kumbe ni mimi nimeua?” akauliza, akaitua ndoo.

“Apana, mama. Ni mimi sikukwambia.”

Nikampigia Injinia. “Chef, sivunji.” Nikamweleza. Mwisho akasema, “Wiki tatu. Lakini ni jina yako iko hapo, si yangu.”

Shemeji alipofika nikamwomba wiki hizo tatu. Alikuwa muungwana, akarudi mikono mitupu. Tukatoa nusu ya ule uji, tukauzika mbali na migomba, tukabeba madumu ya uji mzima kutoka mtambo mwingine wa bondeni, tukauanzisha mtambo upya. Zizi likawa linaoshwa kwa maji matupu. Kila asubuhi nilikwenda kwanza kwenye manometa, hata salamu nilikuwa nasahau. Maji yakapanda upana wa kidole. Yakapanda vidole viwili.

Siku ya mwisho Injinia alikuja mwenyewe. Jiko likawaka, maharage yakaiva, Bibi akaitwa. Akakaa, akanusa sahani mara tatu, akatia tonge mdomoni, akatafuna kama mtu anayetafuta mfupa.

“Hayana chumvi,” akasema kwa Kirundi.

Mama Diane akakimbilia chumvi. Mimi nikatoka nyuma ya zizi nikasema alhamdulillahi peke yangu. Niliporudi Bibi alikuwa anafuta sahani kwa kidole, na ng'ombe hawakutajwa tena.

Baadaye niliitwa kufundisha mafundi wapya, na somo la kwanza nilimpa anayeosha zizi, mafundi wakikaa nyuma kusikiliza. Sasa nimestaafu, niko Buyenzi, mgongo unauma, usingizi naupata. Watu wakiniuliza nimejenga makuba mangapi, nawaambia hesabu nimeipoteza. Kisha nautazama mkono wangu huu wa kulia, nashukuru Mungu kwamba asubuhi ile ya nyundo ulichelewa.